MCHEZA KWAO HUTUNZWA: JE, NI HAKI KUJITENGEA MAHALI PA SANAA NYUMBANI?

Muhula uliopita, tulipokuwa tukisoma ufahamu na kidato cha tatu katika shule moja ya hapa Kampala, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mahali ambapo mchoraji hufanyia kazi yake nyumbani kwake huitwaje kwa Kiswahili?" Tulimjibu kwa haraka, kama ilivyo desturi yetu walimu tunapokosa hakika, kwamba aandike "studio" na aendelee na swali la pili. Kengele ikalia, wanafunzi wakatoka.

Hata hivyo swali lile lilitufuata njia nzima, na lilipofika nyumbani lilibadilika sura. Halikuwa tena swali la msamiati, bali la maadili. Je, mtu mwenye nyumba ndogo na jamaa wengi ana haki ya kujitengea pembe moja kwa ajili ya kuchora, kuchonga, kushona au kutunga? Na akiisha kujitengea, ni nani alipaye gharama yake?

Tumeona vema kulileta suala hili mbele ya walimu wenzetu na wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa wengi wetu tu watu wa sanaa kwa siri. Mmoja hutunga mashairi baada ya kusahihisha madaftari, mwingine huchora picha za kufundishia, wa tatu hufinyanga au hudarizi. Na aghalabu nyumba zetu ni za vyumba viwili vya kupanga. Hatuandiki kama mtu aliyefaulu. Huko mbele tutaeleza kosa tulilolitenda sisi wenyewe, ili msomaji apime kama maneno yetu yana uzito.

Maneno na Maana Zake

Na tuanze na lile swali la mwanafunzi, kwa sababu mwalimu hana budi kulipa deni lake. Kiswahili kina neno karakana, ambalo asili yake ni Kiajemi: kar ni kazi, na khana ni nyumba. Siku hizi tukisema karakana twafikiria mahali pa chuma, mbao na magari. Kiswahili kina pia neno kiwanda. Mtoto wa leo akilisikia neno hilo huona jengo kubwa lenye mitambo na bomba la moshi. Lakini ukifungua kamusi za zamani utakuta kwamba kiwanda kilikuwa eneo la wazi, ua au kiwanja, ambamo fundi alifanyia kazi yake. Neno hilo ni jamaa ya uwanda. Tena tunalo neno baraza, yaani kile kikao cha mbele ya nyumba ambapo watu wa pwani huketi kuzungumza, kushona kofia na kuwapokea wageni. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa mkutano wa wakubwa wanaoamua mambo ya umma.

Mtu aweza kuona kwamba maneno haya yana jambo moja la kuyaunganisha. Kiwanda cha kale hakikuwa na ukuta, na baraza halina mlango. Fundi alifanya kazi akionekana. Apitaye alimsalimu, mtoto alimtazama, na mwanagenzi alijifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa mikono. Hatusemi kwamba maneno ya lugha ndiyo yaamuayo haki na batili. Hilo lingekuwa kosa. Twasema tu kwamba wazo la msanii kujifungia peke yake chumbani, ufunguo mfukoni, ni wazo lililotufikia kwa njia nyingine, na hatuna budi kulipima kabla ya kulikaribisha.

Je, Sanaa Nyumbani ni Anasa?

Pingamizi la kwanza huwa la umaskini. Mtu husema: "Kodi ya nyumba haijalipwa, ada ya watoto inadaiwa, nawe wataka pembe ya kuchorea! Huo si wizi?" Pingamizi hili lina nguvu, na anayelidharau hajapata kulala na njaa.

Walakini tukiwatazama wazee wetu twaona jambo la ajabu. Watu wasiokuwa na mali walichora nakshi juu ya vibuyu, ilhali nakshi haikuongeza maziwa ndani ya kibuyu. Walichonga miguu ya viti ikapendeza, ilhali kiti kisichochongwa humkalisha mtu vilevile. Kama uzuri ungekuwa anasa ya walioshiba, vyombo vya maskini vyote vingekuwa vitupu. Havikuwa hivyo. Yaonekana basi kwamba binadamu, hata katika dhiki, hudai kuacha alama yake juu ya kitu anachokigusa kila siku. Kumnyima hilo ni kumpunguzia utu.

Tena kazi ya sanaa haifanyiki popote tu. Yadai mahali, na mahali hapo huamriwa na kazi yenyewe. Mfano bora uko hapa Buganda, katika utengenezaji wa nguo za magome. Gome huambuliwa kutoka mti uitwao mutuba, kisha hupigwa kwa nyundo za mti za aina mbalimbali mpaka lilainike na kutanuka likawa nguo. Kazi hiyo ni urithi wa mafundi wa ukoo wa Ngonge, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu wote. Sasa, mafundi hawa hufanyia wapi kazi yao? Hufanyia chini ya banda lililo wazi pembeni. Si kwa sababu wanapenda banda, bali kwa sababu gome likipigwa juani litakauka upesi kabla halijatanuka. Paa linalizuia jua, na pembeni kuko wazi. Hawakuuliza kwanza, "Mahali gani patanipendeza?" Waliuliza, "Gome lataka nini?"

Twaamini basi kwamba pembe ya sanaa si anasa, maadamu kazi yenyewe yaidai. Lakini hoja hii imetufikisha nusu ya njia tu. Kwamba mtu ahitaji mahali hakumpi ruhusa ya kupatwaa.

Baraza la Kampala na Ua wa Msasani

Tuitazame mifano miwili ya watu waliofungua nyumba zao kwa sanaa, mmoja hapa Uganda na mwingine Tanzania.

Katika miaka ya 1930, bibi mmoja Mwingereza aitwaye Margaret Trowell, mke wa daktari, alianza kuwafundisha watu kuchora katika baraza la nyumba yake hapa Kampala. Hapakuwa na jengo la shule wala meza za kazi. Palikuwa na paa, kivuli na sakafu. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa London, na darasa lile la barazani likaja kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake. Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro alisoma hapo, kisha akawa mwalimu hapohapo. Elimo Njau naye, mzaliwa wa Kilimanjaro vilevile, alisoma hapo, na mwaka 1965 akawa mmoja wa walioanzisha Paa ya Paa huko Nairobi, mahali palipokusudiwa wasanii wa Kiafrika wakutane na kuonyesha kazi zao.

Mfano wa pili ni Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam. Yeye hakuwa na baraza la daktari. Karibu mwaka 1968 alianza kupaka picha za wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao laini za kuezekea dari, akitumia rangi za mafuta zipakwazo kwenye baiskeli. Nyumbani kwake Msasani jamaa zake walikaa karibu naye wakajifunza. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, miaka michache tu baada ya kuanza. Lakini kwa kuwa hakufanya kazi yake nyuma ya mlango uliofungwa, waliokaa naye waliweza kuiendeleza, na leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji.

Mifano hii hutufundisha kwamba mahali pa sanaa nyumbani paweza kuzaa shule. Hata hivyo tusipumbazwe nayo. Bibi Trowell alikuwa mke wa daktari katika zama za ukoloni, mwenye nyumba kubwa na bustani. Kutoa baraza katika nyumba kama hiyo si sawa na kutoa dirisha la pekee katika nyumba ya vyumba viwili. Na hadithi za wasanii mashuhuri kwa kawaida hututajia jina la aliyechora. Hazituambii sana juu ya waliosogea ili yeye apate nafasi. Hapo ndipo lilipo kosa letu.

Nyumba ya Dirisha Moja

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukiishi katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ilikuwa na dirisha moja tu la maana, lililokuwa upande wa sebule. Dirisha la chumba cha kulala lilitazamana na ukuta wa jirani. Tulikuwa tumepata hamu ya kuchora picha za kufundishia, kwa kuwa vitabu tulivyokuwa navyo shuleni vilikuwa vichache, na picha zake zilikuwa za nchi za mbali. Tulinunua karatasi ngumu, rangi za maji na brashi nne. Kisha tukaomba meza kuukuu kwa jirani, tukaifuta, tukaiweka chini ya lile dirisha. Tukaona tumefanya jambo jema, tena la kujitolea kwa ajili ya wanafunzi.

Yafaa msomaji ajue kwamba hapa kwetu, karibu na ikweta, mchana ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Mwalimu afikaye nyumbani saa kumi na moja jioni anabakiwa na mwanga wa saa mbili, na zikipita hizo giza limeingia. Kwa hiyo anayetwaa dirisha hatwai mahali tu. Atwaa saa mbili za mwanga katika siku.

Kabla ya meza yetu kuwekwa, pale chini ya dirisha mama watoto alikuwa akitandika jamvi lake kila alasiri na kusuka mikeka. Alikuwa hodari. Alichana ukindu, akazitia chane rangi nyekundu, zambarau na kijani, akasuka ukili mrefu wenye nakshi, kisha akaunga ukili kwa ukili mpaka mkeka ukakamilika. Mikeka hiyo ililipa sabuni, chumvi na mara nyingine ada ya mtoto. Meza ilipowekwa, alikunja jamvi lake akahamia kwenye kizingiti cha jikoni. Hakusema neno. Nasi hatukuuliza neno. Kwa kweli hatukuona kwamba kuna la kuuliza, maana tulijiambia kwamba sisi tunafanya sanaa, na yeye anafanya kazi za nyumbani.

Miezi ilipita. Siku moja dada yetu alikuja kutoka kijijini kuchukua mkeka aliouagiza kwa ajili ya arusi ya binti yake. Mkeka ulikunjuliwa katikati ya sebule. Ulikuwa umesukwa imara, lakini ulikuwa mweupe mtupu toka ncha hadi ncha. Dada yetu aliushika akaugeuza upande wa pili, kisha akauliza kwa upole: "Wifi, mbona mkeka wa bibi arusi hauna nakshi?"

Mama watoto akajibu: "Wifi, nakshi yataka mwanga. Pale jikoni siwezi kutambua nyekundu na zambarau."

Meza yetu ilikuwa hatua mbili kutoka pale waliposimama. Juu yake palikuwa na picha tuliyokuwa tukiichora kwa ajili ya somo la kazi za mikono: seremala, mfinyanzi na msusi wa mikeka. Yule msusi tulikuwa tumemweka chini ya dirisha.

Usiku, mgeni alipokwisha kulala, tulimwuliza: "Mbona hukuniambia?"

Akasema: "Mwalimu, hukuuliza."

Binti aliolewa, na mkeka ule ukatandikwa vivyo hivyo, mweupe. Yaliyofuata tutayaeleza, lakini twataka msomaji ajue mapema kwamba hakuna lililofanyika baadaye ambalo liliurudishia mkeka ule nakshi zake.

Nani Hulipia Kimya?

Tangu siku hiyo tumelifikiri suala hili kwa namna nyingine. Hapo kwanza tulidhani kwamba swali ni kati ya sanaa na mahitaji: kati ya mchoro na sufuria. Sasa twaona kwamba katika nyumba nyingi swali ni kati ya sanaa na sanaa. Sanaa moja yaitwa kwa jina lake, nayo hupewa meza. Nyingine huitwa kazi za nyumbani, nayo husogezwa. Anayeshona kwa sindano, anayesuka nywele za watoto wa jirani kwa mistari isiyopinda, anayeupaka ukuta wa nyumba udongo wa rangi mbili, hawa wote walikuwamo nyumbani kabla msanii hajatangaza kwamba yu msanii. Hawakuomba chumba. Walifanya sanaa yao katikati ya watu, na kwa sababu hiyo hasa hatukuiona.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hisabati, tulipomsimulia habari hizi alitupinga. Alisema: "Kazi kubwa hudai mtu mmoja ajitoe kabisa. Ukigawa dirisha kwa watu wawili utapata nusu ya picha na nusu ya mkeka. Sanaa yadai ukali kidogo." Hatuwezi kulipuuza neno hili. Ni kweli kwamba rangi ya maji hukauka ukiitwa nje. Ni kweli kwamba ubeti uliokatizwa na kilio cha mtoto huenda usirudi tena. Asiyepata utulivu hatafika mbali, na waliofika mbali aghalabu walilindwa na mtu fulani dhidi ya kelele za dunia.

Lakini hapo hapo pana fundo. Mtu fulani aliwalinda. Kimya cha nyumbani hakishuki kutoka mbinguni, hutengenezwa. Yupo aliyemtoa mtoto nje, aliyepokea mgeni mlangoni akasema "Mwalimu ana kazi", aliyeteka maji taratibu ili ndoo isigonge. Kimya ni kazi, na kila kazi ina mtendaji. Ikiwa msanii hamjui mtendaji wa kimya chake, basi anaishi kwa mkopo asiouandika daftarini.

Je, yatosha kusema kwamba mtendaji huyo aliridhika, maadamu hakulalamika? Hapana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtu aweza kunyamaza kwa heshima, kwa mazoea, kwa kuchoka, au kwa kujua kwamba jibu limekwisha kuamuliwa. Kunyamaza kwake si hati ya ruhusa. Ndiyo maana twaona kwamba tofauti kubwa katika jambo hili ni kati ya kuomba na kutwaa. Anayeomba hujiweka katika hatari ya kunyimwa, na kwa hiyo humtambua mwenzake kuwa ni mtu mwenye lake la kulinda. Anayetwaa, hata akitwaa kwa nia njema, humfanya mwenzake kuwa sehemu ya samani.

Rai yetu basi ni hii. Kujitengea mahali pa sanaa nyumbani ni haki, lakini si haki ya mtu pweke. Huwa halali pale ambapo mwenye kuhitaji ameitafuta kwanza sanaa iliyokwishakuwamo nyumbani, ameuliza kwa namna inayoruhusu jibu la "hapana", na amekubali kutoa naye kitu chake. Mithali husema mcheza kwao hutunzwa. Kwa kawaida tunaifahamu kama ahadi kwa mchezaji: cheza nyumbani, watu wako watakutuza. Sisi siku hizi twaisoma kama swali pia. Katika kwao huko, ni wangapi wanaocheza, na ni yupi kati yao tuliyepata kumtuza?

Mambo ya Kuangalia

Asije msomaji akadhani tunamzuia kuweka meza yake. La hasha! Aiweke, lakini aangalie mambo machache ambayo tumeyajifunza kwa gharama.

La kwanza ni mwanga. Vitabu vya Ulaya humshauri mchoraji atafute dirisha la kaskazini. Ushauri huo ni sahihi kwa Uingereza na Ufaransa, kwa kuwa huko jua la mchana huwa kusini siku zote, na dirisha la kaskazini hupata mwanga usiobadilika. Hapa kwetu ikweta, jua la adhuhuri huwa kaskazini tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na kusini katika miezi iliyobaki. Kwa hiyo dirisha la kaskazini si kinga ya mwaka mzima. Linalosumbua daima ni dirisha la mashariki asubuhi na la magharibi jioni, maana jua huingia likiwa chini na kumpiga mtu machoni. Paa lililotokeza sana, au baraza lenye kivuli, hutufaa zaidi kuliko dirisha la upande wowote. Wapiga magome walilijua hilo bila kitabu.

La pili ni usalama. Anayetumia rangi za mafuta na tapetaini asizitumie katika chumba cha kulala wala karibu na moto wa jikoni. Tena asithubutu kuhifadhi tapetaini au mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto huamini chupa anayoijua.

La tatu ni hifadhi. Katika nyumba ndogo, sanduku moja lenye kufuli lina faida kuliko chumba chenye kufuli. Kazi ikiisha, vyombo huingia sandukuni, na meza hurudi kuwa ya kulia na ya kuandikia. Msanii hupoteza robo saa ya kupanga na kupangua, lakini nyumba hubaki nyumba.

La nne ni saa. Mahali pakiwa pamoja, wakati ugawanywe, tena ugawanywe kwa maneno yaliyosemwa waziwazi, si kwa kukisia. Nasi tuseme lililokuwa kwetu. Baada ya siku ile tulikaa chini na mama watoto. Mara hii tuliuliza. Alitaka alasiri za Jumatatu hadi Alhamisi, akapewa. Sisi tulibakiwa na Ijumaa na Jumapili, na siku nyingine tuliihamishia meza nje, mbele ya nyumba. Huko nje watoto wa majirani walikuja kutazama. Juma la kwanza mmoja wao aliangusha kopo la maji, na karatasi tatu zikaharibika pamoja na kazi ya mwezi mzima. Tulikasirika sana. Baadaye tulianza kuwapa vipande vya karatasi na mkaa, ili mikono yao iwe na shughuli. Mvua ikinyesha hatufanyi lolote.

Kazi yetu imepungua, na hatutaficha hilo. Picha tulizochora tangu wakati huo hazifiki nusu ya zile tulizokusudia. Mwalimu wa hisabati alisema kweli: gharama ipo. Tofauti ni kwamba sasa twaijua, tena sehemu yake twailipa sisi wenyewe. Na mikeka ya mama watoto imepata tena rangi zake tatu, ingawa yeye husema macho yake si kama yalivyokuwa.

Hitimisho

Walimu wenzetu, tumeandika haya si kwa ajili ya wachoraji peke yao. Kila mmoja wetu anayesahihisha madaftari usiku, anayeandaa masomo, anayetunga, ametwaa meza, taa na kimya cha mtu mwingine. Tukifundisha fasihi na sanaa shuleni huku majumbani mwetu kuna msanii tuliyemsogeza gizani, wanafunzi watajifunza maneno yetu, lakini watoto wetu watajifunza matendo yetu.

Twapendekeza zoezi dogo kwa madarasa yetu. Mwanafunzi aandike insha juu ya kazi ya mikono ifanywayo nyumbani kwao: ni nani aifanyaye, hukaa wapi anapoifanya, mwanga wake hutoka upande gani, na ni nani aliyewahi kumwuliza kama anaona vizuri. Kwa njia hiyo atajifunza msamiati wa ukili, chane, nakshi, kiwanda na baraza, na huenda akajifunza na jingine.

Na yule mwanafunzi wa kidato cha tatu tulimrudia. Tulimwambia kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa la haraka. Kwamba aweza kusema studio, au karakana, na kwamba wahenga wangesema kiwanda au wangemwonyesha baraza. Kisha tulimwuliza kwa nini alitaka kujua. Akasema kwamba bibi yake hufinyanga vyungu nyuma ya nyumba, naye alikuwa hajui mahali pale paitweje.